Kidole Kinasema 98, Lakini Mgonjwa Anapumua?

Ndugu wa mgonjwa akiruhusiwa kuchungulia chumba cha endoskopi, macho yake hukimbilia skrini, kwenye namba inayotoka kwenye klipu iliyobana kidole. Akiona 98, yaani damu imebeba oksijeni kwa asilimia 98, anashusha pumzi. Sisi tunaofanya kazi za afya nasi mara nyingi hufanya hivyohivyo. Nataka kueleza jambo ambalo namba ile haisemi, na kwa nini huku Mbeya, Iringa na Njombe ni hatari zaidi kulisahau kuliko pwani.

Endoskopi ni kile kipimo ambacho watu wengi hukiita kumeza mpira. Mpira mwembamba wa unene wa kidole, wenye kamera kwenye ncha, hupitishwa mdomoni hadi tumboni. Upo pia wa kupitisha njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Wanaoletwa ni wenye vidonda vya tumbo visivyosikia dawa, wanaotapika damu, na wale ambao ugali hauteremki tena, wanaishi kwa uji na chai. Hao wa mwisho huku kwetu si wachache: Tanzania imo katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini wenye saratani nyingi ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kuangalia tumbo tu ni kazi fupi, na wengi huvumilia kwa dawa ya ganzi ya kupulizia kooni. Ila pakiwa na kazi ya ziada, kama kufunga mishipa inayovuja damu, kutanua umio uliobanwa na uvimbe au kuweka mrija wa kupitishia chakula, mgonjwa huchomwa dawa ya kumtuliza.

Dawa ya kutuliza si nusu kaputi. Lengo ni asinzie, lakini akiitwa aitike na akiguswa bega afumbue macho. Hutumika midazolam au diazepam kuondoa hofu, pethidini au fentanili kupunguza maumivu, na pengine ketamini au propofol. Ugumu ni kwamba kati ya kusinzia na nusu kaputi kamili hakuna ukuta. Dozi inayomfanya kijana wa miaka 25 apige miayo inaweza kumpeleka mbali sana bibi wa miaka 75 aliyekonda kwa miezi ya kutokula. Na hujui amefika wapi mpaka umtazame anavyopumua.

Pumzi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza inaanzia kwenye ubongo. Wengi tunadhani mwili huvuta hewa kwa sababu ya kiu ya oksijeni, kumbe kinachotusukuma kila dakika ni hasa kupanda kwa kabonidayoksaidi, yaani hewa ukaa, kwenye damu. Shina la ubongo huipima na kuamuru kifua kipande. Dawa za jamii ya afyuni, pethidini na fentanili zikiwemo, hulipumbaza shina hilo. Hewa ukaa inapanda, amri haitoki, pumzi zinakuwa chache au fupi. Njia ya pili iko kooni: misuli inalegea, ulimi unaanguka nyuma na kuziba njia. Hapo kifua kinaweza kuendelea kuhangaika juu chini bila hewa yoyote kupita. Ongeza mpira wa endoskopi mdomoni, mate, pengine damu, na utaona kwa nini mdomo wa mgonjwa huyu una msongamano kuliko wa mgonjwa mwingine yeyote hospitalini.

Kupumua kuna kazi mbili pia: kuingiza oksijeni na kutoa hewa ukaa. Klipu ya kidoleni hupima matokeo ya kazi ya kwanza tu.

Kifaa hicho, oksimita, kilibuniwa na mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hupitisha kidoleni miali miwili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza miali hiyo tofauti, na kifaa hutazama sehemu inayodunda tu, ile ya mshipa unaopeleka damu, ili kisichanganye na nyama na mfupa. Kwa ubunifu huo maisha mengi yameokolewa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani liliiweka oksimita kwenye orodha yake ya kuhakiki usalama wa upasuaji, na sioni chumba cha kutuliza wagonjwa kinachoweza kuhalalisha kutokuwa nayo.

Ila ina tabia zake. Asubuhi ya Juni au Julai, mgonjwa aliyetoka Makete kabla jua halijachomoza anaingia na vidole vya baridi, mishipa imejikunja, na namba inarukaruka au inachelewa. Rangi ya kucha iliyokolea na hina nyeusi huweza kuzuia mwanga. Lipo na jambo zito kuliko hayo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walilinganisha oksimita na vipimo vya damu ya ateri. Kwa wagonjwa ambao kifaa kilionyesha kati ya 92 na 96, weusi asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Weupe walikuwa asilimia 3.6. Kwa ngozi nyeusi kifaa huelekea kusema juu kuliko hali ilivyo. Kwetu sisi, ambao karibu kila kidole kinachobanwa ni cheusi, hilo ni jambo la kila siku. Mimi 92 ya mgonjwa aliyesinzia siichukulii kama 92. Naichukulia kama sababu ya kuinuka kitini.

Tuje sasa kwenye milima yetu. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini zaidi ya 1,500, Njombe inakaribia 2,000. Dar es Salaam mgandamizo wa hewa ni milimita 760 za zebaki. Mbeya ni kama 620. Sehemu ya oksijeni ni ileile, asilimia 21, lakini ni asilimia 21 ya kitu kidogo zaidi. Ukipiga hesabu hadi ndani ya vifuko vya mapafu, mtu mwenye afya Dar ana mgandamizo wa oksijeni wa milimita 100 hivi, na wa Mbeya ana kama 70 hadi 75.

Kwa nini basi hatuanguki barabarani? Kwa sababu damu hushika oksijeni kwa namna isiyo ya mstari ulionyooka. Kutoka milimita 100 kushuka hadi 70, damu hupoteza kidogo sana. Oksimita itatoka 98 hadi 94 hivi tu. Ikifika milimita 60, namba huwa kama 90. Chini ya hapo kila milimita unayopoteza inaishusha namba kwa kasi zaidi. Mtu wa Dar ana nafasi pana kabla ya kufika kwenye mporomoko huo. Mtu wa Mbeya, mzima kabisa, anayechimba viazi Umalila bila shida, amesimama karibu nao. Na mgonjwa aliyepanda asubuhi kutoka Kyela, ambako ni karibu mita 500 tu, hana hata ule mazoea ambao mwili wa mwenyeji umejijengea.

Chukua mgonjwa ambaye dawa imempunguzia pumzi kiasi kwamba hewa ukaa imepanda kutoka milimita 40 hadi 60. Hewa ukaa ikijaa kwenye vifuko vya mapafu, hula nafasi ya oksijeni. Akiwa Dar, anavuta hewa ya kawaida, oksijeni yake mapafuni inashuka hadi 75 hivi na kidole kinasoma kama 94. Akiwa Mbeya, kwa pumzi zilezile, inashuka hadi 45, na kidole kinasoma karibu 80. Mapafu yakiwa na kovu la kifua kikuu, hali ni mbaya zaidi katika miji yote miwili.

Kwa hiyo huku kwetu kumpa oksijeni kila mgonjwa anayetulizwa ni jambo la haki na la lazima. Sina shaka na hilo. Lakini fungu hilohilo la oksijeni ndilo linaloizima oksimita kama mlinzi wa pumzi. Rudia hesabu: mgonjwa yuleyule wa Mbeya, hewa ukaa 60, mwekee vimirija vya pua vyenye lita mbili kwa dakika. Oksijeni mapafuni inapanda hadi 85 hivi, kidole kinasoma 96. Mpe lita nne, na hata hewa ukaa ikifika 80, maradufu ya kawaida, kiwango ambacho mtu huanza kupotelewa na fahamu kwa sumu ya hewa ukaa yenyewe, skrini bado inaweza kuonyesha 95 na zaidi. Ni kama simtanki juu ya dari: bomba la mtaani likikatika saa mbili asubuhi, jikoni maji yanaendelea kutoka na hakuna anayejua, mpaka tanki likauke. Mtu asiyepumua kabisa akiwa na hewa ya kawaida mapafuni hushuka chini ya 90 baada ya dakika moja hivi. Mtu mzima mwenye afya aliyejazwa oksijeni kikamilifu anaweza kukaa hata dakika 8. Dakika zote hizo namba ni nzuri, na ni dakika hizohizo ambazo msaada ungekuwa kazi rahisi.

Ndiyo maana panahitajika kipimo kinachotazama hewa inayotoka. Kinaitwa kapnografia. Kimrija chembamba kinakaa puani, mara nyingi kimeungana na kile cha oksijeni na kina kijilimi kinachoning'inia mbele ya mdomo, kwa kuwa aliyefunguliwa mdomo kwa ajili ya mpira atapumua kwa huko. Mashine hunyonya hewa kidogo na kuimulika kwa miali ya joto isiyoonekana, ambayo hewa ukaa huifyonza. Kanuni hiyo aliionyesha John Tyndall huko London miaka ya 1860, tena alipima hata pumzi ya binadamu. Hakuna sindano na hakuna damu.

Kinachotoka kwenye skrini ni mchoro, na mchoro huo unastahili kutazamwa kwa makini. Mgonjwa anapotoa pumzi, mstari unapanda ghafla, unakwenda karibu sawa kwa muda, kisha unaporomoka hadi sifuri anapovuta. Panda, tambarare, shuka. Kilele cha kila pumzi kwa kawaida huwa kati ya milimita 35 na 45. Pumzi zikichelewa, nafasi kati ya vilele inatanuka. Ulimi ukiziba koo, mchoro unapotea hata kama kifua bado kinapanda na kushuka. Akiacha kupumua, mstari unalala chini papo hapo, wakati kidole kinaendelea kusema 98. Mwenye zamu anainua taya, anaita, "Baba, vuta hewa! Vuta, baba," na kilele kimoja kinarudi, kisha cha pili. Haya yote yanaweza kuisha kabla oksimita haijatikisika.

Usiiamini namba ya kilele kuliko umbo na mwendo wa mchoro. Kwa mgonjwa asiye na mpira wa kupumulia ndani ya koo, hewa inayonyonywa huchanganyika na oksijeni inayopulizwa na hewa ya chumba, hivyo namba hutoka ndogo kuliko ilivyo kwenye damu. Hatari hasa ni pumzi fupi za juujuu: hewa inacheza kooni tu bila kufika mapafuni, mashine inasoma 20, na asiyejua anadhani mgonjwa anapumua kupita kiasi, kumbe hewa ukaa inajaa ndani. Na kwa sisi wa milimani liko la ziada. Mashine nyingine huonyesha asilimia badala ya milimita. Asilimia 5 Dar ni milimita 38. Asilimia 5 Mbeya ni 31 tu. Fundi anayefunga mashine aulizwe inasoma kwa kipimo gani na kama imerekebishwa kwa mwinuko wa hapa.

Vipo vipimo vingine. Zile pedi za moyo zinazobandikwa kifuani zinaweza kuhesabu kupanda na kushuka kwa kifua, lakini koo likiziba zinaendelea kuhesabu kifua kinachohangaika bure. Kuna kisikilizi cha kubandika shingoni kinachosikiliza sauti ya hewa. Kuna kibandiko kinachopasha ngozi joto na kukadiria hewa ukaa kupitia hapo, ambacho huchelewa dakika moja au mbili. Kwa chumba cha endoskopi cha hospitali ya mkoa, ningeanza na kapnografu kabla ya vyote hivyo.

Mtu atauliza: macho je? Nesi akisimama pale si anaona? Nilikuwa na imani kubwa na macho, na bado nayaheshimu, lakini kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 unaopaswa kutushtua. Wagonjwa 39 waliotulizwa walifuatiliwa, na 10 kati yao waliacha kupumua kwa sekunde 20. Wataalamu wa usingizi waliokuwa pembeni yao hawakugundua hata tukio moja. Kapnografia iligundua yote. Na tafakari chumba chenyewe: taa zimepunguzwa ili daktari aone skrini yake, mgonjwa amelala ubavu wa kushoto, na kwa baridi ya Mbeya amefunikwa blanketi hadi mabegani. Kifua hicho nani anakiona?

Ambapo kapnografu haipo, na sehemu nyingi bado haipo, basi tusaidie macho. Blanketi liishie kiunoni na hita iwashwe. Taa ndogo ielekezwe kifuani. Kiganja kiwekwe mbele ya pua na mdomo, kwa sababu ngozi huisikia pumzi ambayo jicho halioni. Kisikilizi cha daktari kibandikwe kwa plasta juu ya koo au kifua, na mwenye zamu abaki nacho masikioni. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne; mtu mzima hupumua kati ya 12 na 20, na akishuka kuelekea 8 huo si muda wa kuongeza dozi. Tumbo likipanda huku kifua kikizama, koo limeziba. Mwenye kufanya haya asiwe yuleyule anayeshika koleo la kuchukulia kinyama cha kupima. Mtu mmoja awe na kazi moja, pumzi ya mgonjwa. Kama hospitali haina mtu wa kumwachia kazi hiyo, basi kwa siku ile ganzi ya kooni na mkono wa kumshika mgonjwa bega ni salama kuliko sindano.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kwa kila kitu. Kuanzia Julai 2011, viwango vya chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani vinataka hewa ukaa ifuatiliwe kwa kila anayetulizwa kwa kiwango cha kati au kizito. Vyama vya madaktari wa mfumo wa chakula vya hukohuko vilijibu kwamba kwa utulizaji wa kati wa mtu mwenye afya, haijathibitika kuwa kapnografia inapunguza madhara makubwa. Wana hoja. Kwa propofol na usingizi mzito, tafiti zimeonyesha kwamba inapunguza matukio ya oksijeni kushuka. Kwa dawa nyepesi na kazi fupi, tofauti haijaonekana wazi. Lakini mgonjwa wao wa mfano, mtu mzima mwenye afya katika chumba chenye kila kitu, ndiye mgonjwa nisiyemwona sana. Wetu amekonda, ana upungufu wa damu, amefika kwa rufaa baada ya miezi ya kuhangaika, na anavuta hewa ya mita 1,700. Kwake yeye naegemea upande wa kupima.

Kabla ya sindano, mgonjwa na ndugu zake wana maneno ya kusema ambayo hakuna mashine inayoyajua. Semeni kama anakoroma kwa nguvu na kushtuka usingizini kama aliyekabwa. Semeni kama aliwahi kuugua kifua kikuu au kufanya kazi mgodini, kama anatumia dawa za kifafa au za usingizi, kama amekunywa pombe, kama amekula. Koroma ya mama inaweza kuonekana jambo la aibu mbele ya daktari; mwambieni tu, "Daktari, shikamoo, mama huyu usiku anakata pumzi." Sentensi hiyo inabadilisha dozi.

Na hatari haiishi mpira ukitoka. Pengine inaongezeka. Wakati wa kipimo mpira wenyewe humsumbua mgonjwa na kumfanya apumue. Ukitolewa, usumbufu umekwisha na dawa bado imo mwilini. Anasukumwa hadi kwenye korido, oksijeni imeondolewa, na kila mtu anashughulikia anayefuata. Zipo dawa za kuzimua: naloksoni kwa pethidini na fentanili, flumazenili kwa midazolam na diazepam. Zinaokoa, ila hukaa muda mfupi. Naloksoni humalizika kati ya dakika 30 na 90, wakati pethidini huweza kudumu saa kadhaa, hivyo aliyeamshwa vizuri saa nne anaweza kusinzia upya saa tano. Aliyepewa dawa ya kuzimua asiachwe aondoke mapema kwa sababu tu amekaa na kuomba chai.

Hapo ndipo usafiri unapoingia kwenye tiba. Basi la Makete au la Chunya lina saa yake, nauli imekatwa, na mgonjwa anasema yuko sawa. Asipande bodaboda, na asipande basi peke yake. Ikibidi alale mjini kwa ndugu, alale. Huko nyumbani usiku wa kwanza alale ubavu, asinywe pombe wala kidonge kingine cha usingizi, na mtu mzima alale naye chumba kimoja. Akikoroma kuliko kawaida yake, au pumzi zikipitana mbali, aamshwe. Asipoamka kwa kuitwa na kutikiswa, ainuliwe kidevu ili koo lifunguke, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu usiku huohuo.